Simu Iliyosikia Maombi

Mama Pacha alikuwa na mazoea ya kuomba kwa sauti huku akipiga pasi. Alifua na kunyoosha nguo za watu pale nyumbani, na mama mkwe wake alikaa upande wa pili wa meza akizikunja. Bibi huyo aliacha kusikia baada ya kuugua, ila alisema vizuri, na kwa kusoma usingempata. Alikuwa mpiga chapa ofisini miaka yake yote ya kazi. Kwa kuwa hasikii, Mama Pacha alimweleza Mungu kila kitu mbele yake bila kupunguza sauti.

Jumamosi hiyo shemeji yake alileta simu yenye programu ya kuandika maneno yanayosemwa. Akaisimamisha mezani, akamtania mama yake kwamba kuanzia leo wasengenyaji wamekwisha. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Aliwataka wajukuu waseme chochote, akasoma, akawajibu, akataka waseme tena. Kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo, kila alipouliza watu wanacheka nini, alipungiwa mkono tu, kwamba si kitu. Shemeji akaaga, pacha wakakimbilia nje, kazi ikaendelea.

Mama Pacha alitandaza shati jeupe, akalinyunyizia maji, akaanza kuomba kama kawaida. Alishukuru kwa uzima. Aliwaombea wanawe. Kisha akafika pale alipofika kila siku.

"Baba, nimechoka na huyu mzee. Mguse wifi yangu aje amchukue mama yake, nami nipumue."

Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa ameacha kukunja. Simu ilikuwa katikati ya mashati, kioo kinawaka. Mama Pacha alikuwa ameisahau kabisa. Pasi ilikaa juu ya kola mpaka harufu ya kuungua ikamshtua.

Bibi alimalizia shati aliloshika, akalilaza vizuri juu ya mengine, akaingia chumbani na simu yake. Kabati likalia. Mama Pacha alipomfuata alikuta begi kitandani, nguo kadhaa zimeshaingia. Ombi lake lilikuwa linajibiwa mbele ya macho yake, naye hakujua auweke wapi uso wake. Akamshika bibi mkono, akatikisa kichwa.

Bibi akautoa mkono taratibu, akamsogezea simu.

"Ishara tumeziacha leo. Sema."

Kioo kilikuwa kitupu, isipokuwa neno moja chini: Inasikiliza. Mama Pacha, ambaye hajawahi kuishiwa maneno mbele za Mungu, aliishiwa. Mwishowe akanong'ona kwamba amekosa. Simu haikuandika kitu.

"Haijasikia," bibi alisema. "Toa sauti, mwanangu, kama unavyomwambia Mungu."

Dirisha lilikuwa wazi. Uani alikuwepo jirani anafagia, yule aliyezoea kumtania Mama Pacha kwa kumwita mchungaji.

"Nimekukosea, mama. Usiondoke. Nakuomba."

Ufagio ukanyamaza. Bibi alisoma, midomo ikichezacheza, akarudia tena. Kisha akakaa kitandani, akatoa gauni moja kwenye begi, akalipakata bila kulirudisha kabatini.

"Kesho ukiomba," alisema, "nisogezee simu karibu. Na mimi nataka kuitikia amina."