Wajukuu wa Mwalimu Ardith

Watu wa Burwick, mji mdogo wa Dakota Kusini, ni watu wa adabu. Swali lao hawakumuuliza Mwalimu Ardith Tollefson usoni; waliulizana wao kwa wao, dukani na kwenye ngazi za kanisa. Mama huyu alifundisha darasa la nne katika shule ya mji tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa kichwani. Nusu ya mji imepita mikononi mwake. Iweje basi wajukuu zake mwenyewe wasomeshwe nyumbani na mama yao, kwenye meza ya jikoni, kana kwamba shule imeungua?

Swali hilo lilimfikia Ardith, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijiona kama mpishi mashuhuri ambaye wanawe wanakwenda kula kwa jirani.

Majira ya kuchipua yalipofika alipasuliwa goti, na daktari akamkataza kukaa peke yake. Mwanawe Nels, mfuga nyuki, akaja kumchukua, akampeleka shambani kwake. Ardith aliingia nyumba ile na sanduku moja, mkongojo mmoja na nia moja: hataondoka kabla Signe na mdogo wake Otto hawajarudishwa shule.

Alianza jioni ile ile, viazi vikiwa bado vinafuka moshi mezani.

"Nels, nataka sababu. Leo."

"Nyuki, Mama," alisema Nels huku akipakua.

"Nyuki wamefanya nini?"

"Si unajua kila Januari napeleka mizinga Kalifornia, nyuki wakachavushe maua ya lozi? Mwaka mmoja niliporudi, Otto alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mwanangu wa kumzaa ananionea haya kama mgeni! Nikasema basi, tangu sasa tunakwenda wote, na vitabu vyao ndani ya lori."

"Hiyo ni miezi miwili tu. Mwaka una miezi mingapi? Ulipita darasani kwangu, usiniaibishe."

Nels alicheka, akamsogezea siagi.

Kesho yake Ardith alimvizia mkwewe, Corinne, akiosha chupa za asali.

"Nels anasema ni nyuki."

"Kasema nyuki?" Corinne alitabasamu. "Basi na iwe nyuki."

"Na wewe je?"

Corinne alifunga bomba, akafuta mikono. "Mimi ni tumbo la Signe, Mama. Kila asubuhi ya shule tumbo lilimsokota mpaka akajikunja. Jumamosi, mzima kabisa. Daktari hakuona kitu. Nikamuuliza, kuna anayekuchokoza? Hakuna. Mwalimu mkali? Hapana. Akaniambia, 'Ni kelele tu, Mama. Kelele haziishi.'"

"Watoto huzoea."

"Wengine huzoea. Wengine hunyamaza tu, ukadhani wamezoea."

Ardith alitaka kujibu, lakini zilimjia sura za watoto wa dawati la nyuma, wale wapole waliokuwa hawamsumbui, ambao sasa hata majina yao hayakumbuki. Akaomba kahawa.

Alibaki Otto, mwenye miaka minane, aliyekuwa chini ya meza na kitabu, kichwa amelaza juu ya mbwa.

"Eti Otto, kwa nini wewe huendi shule?"

"Walinikataza kusoma chini ya meza, Bibi."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Na mbwa walimkataa pia."

Basi Ardith akaamua kuwapima. Alivaa miwani, akamkalisha kila mmoja mbele yake. Otto alisoma kama maji. Signe, mwenye miaka kumi na miwili, alimweleza habari za mito na wafalme mpaka bibi akasahau kumkatiza. Lakini walipofika kwenye kugawanya! Msichana alikwenda kama mtu anayevuka mto juu ya mawe yanayoteleza: hatua moja, anayumba, hatua ya pili, yumo majini. Ardith alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi kwake. Hata hivyo alijikokota mpaka jikoni.

"Corinne, mtoto huyu hajui kugawanya."

"Najua, Mama. Hata mimi sijui vizuri."

"Hujui vipi? Wewe nilikufundisha mimi!"

"Ndiyo, Mama," alisema Corinne, na papo hapo kicheko kikamshika, akacheka mpaka akatafuta kiti. Ardith alijikaza, akabana midomo, akatazama dirishani. Wapi! Kicheko kilimponyoka kupitia puani, wakawa wanacheka wote wawili, wakishikana mikono yenye povu la sabuni.

Haikupita wiki, simu ikalia. Nels na Corinne walikuwa wamekwenda kwenye mizinga ya mbali, bondeni, ambako simu haishiki. Ardith akapokea.

"Mwalimu? Ni Duane." Huyu ni mkuu wa shule ya mji, naye alipita darasa la nne kwa Ardith. "Tuna balaa hapa. Nyuki wamekuja kundi zima, wametua kwenye mti mbele ya mlango mkuu. Watoto hawawezi kutoka. Nels yuko? Asipopatikana namwita mtu wa dawa awapulizie."

Signe alikuwa amesimama karibu, amesikia kila neno. "Wasipuliziwe dawa! Wametafuta nyumba tu wakachoka. Bibi, mwambie aje atuchukue. Baba nimemwona akiwatoa, hata mimi nimewahi kuwatoa naye."

"Peke yako?"

"Si peke yangu. Na wewe."

Duane alikuja mbio kwa gari lake. Ardith alikaa mbele, watoto nyuma na sanduku la mbao, wamezungukwa na kofia za wavu. Njiani alimtazama Signe kwenye kioo, akamwona ameshika tumbo kwa mikono miwili. Walikuwa hawajafika hata kwenye daraja la kuingilia mjini.

"Unaogopa nyuki, mwanangu?"

"Nyuki? Hapana."

Ardith akaelewa. "Tunaweza kurudi. Sema tu, nami nitamwamuru huyu ageuze gari. Bado ananiogopa."

"Namwogopa kweli," alikiri Duane.

Signe alivuta pumzi. "Twende."

Nyuki walikuwa wamening'inia kwenye tawi kama soksi kubwa iliyojaa, hudhurungi, inayotikisika. Kila dirisha la shule lilikuwa limejaa nyuso. Duane alibaki kwenye gari na Otto, ambaye alimpigapiga begani akimwambia, "Usiogope, Mkuu. Wameshiba asali hawa, hawana ugomvi."

Signe alimvalisha bibi yake kofia, akamwegemeza mtini bila mkongojo, akampa sanduku alishike chini ya kundi.

"Usihemeheme, Bibi."

"Nisipohema nitakufa!"

"Basi hema polepole. Wasikilize. Wengi namna hii, na wote wanaimba kitu kimoja."

Ardith alisikiliza. Kweli, ulikuwa uvumi mmoja mnene, wenye utulivu ndani yake. Mikono ya mjukuu wake ilikuwa imekwisha kuacha tumbo, imeshika tawi. "Sasa," alisema Signe, akalitikisa mara moja kwa nguvu. Kundi likaanguka sandukuni kwa kishindo laini, sanduku likawa zito ghafla, na nyuki mia hivi wakapaa kumzunguka Ardith, wakamtembelea mikononi kama wanaokagua. Hakuwahi kusimama wima vile tangu apasuliwe goti.

"Malkia yumo," alinong'ona Signe. "Angalia, wanamfuata wenyewe."

Na kweli, waliokuwa nje walianza kuingia mmoja mmoja, kama watu wanaorudi makwao kwa chakula. Madirishani watoto walishangilia na kupiga vioo. Signe alishtuka, akainua macho, kisha kwa haya akawapungia mkono.

Wakati wanafunika sanduku, kutoka chumba cha muziki zilitoka sauti za bendi ya shule ikijaribu wimbo na kuukosea. Signe alitega sikio, kichwa ameinamisha upande.

Duane alishuka, sasa ameshapata ujasiri. "Mwalimu, msichana kama huyu mahali pake ni hapa kwetu. Niambie neno moja tu, kesho ana dawati."

Neno hilo ndilo Ardith aliloingia nalo shambani kwa Nels. Alifungua kinywa kulisema. Kisha akamgeukia Signe.

"Unataka nini wewe mwenyewe, mwanangu?"

Signe alinyoosha kidole kwenye chumba cha muziki. "Ile tarumbeta ndefu, yenye mkono wa kuvuta na kurudisha. Nataka kujifunza ile. Ile tu, halafu nirudi nyumbani."

Duane alijikuna kichwa. "Wapo watoto wa mashambani wanaosomea nyumbani, huja hapa kwa ajili ya mpira tu. Tarumbeta nayo ina ubaya gani?"

"Haina," alisema Ardith. "Na wewe Duane, tema hicho unachotafuna."

Jioni wazazi walisikia kisa hicho mara tatu, kila mara kwa kinywa kingine, na kwa Otto nyuki walikuwa wakubwa zaidi. Corinne alimkumbatia binti yake. Walipobaki wawili jikoni, Ardith alimwambia mkwewe, "Sitawasema tena. Lakini kugawanya watajifunza kwangu, kila asubuhi, na wewe ukae kitako ujifunze pia."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Corinne.

Ardith akabaki shambani mpaka mavuno, ingawa goti lilikuwa limepona zamani na kila mtu alijua. Septemba Signe alianza kwenda kwenye bendi mara mbili kwa wiki, saa za mchana, na siku ya kwanza alirudi amekumbatia tarumbeta iliyomzidi urefu wa mkono. Alipiga akiwa uani. Sauti iliyotoka iliwafanya ng'ombe wa jirani waache majani, waje kwa kutimua mbio mpaka kwenye ua, wanyooshe shingo na kuitikia kwa pamoja, wakidhani ndama wa mtu amepotea. Nels aliketi chini kwa kucheka. Signe alishusha chombo, uso mwekundu.

Ardith akafungua dirisha la jikoni. "Nani kakwambia unyamaze?" alipaza sauti. "Tena! Na safari hii uwape wimbo mzima!"