Ndoo ya Maji ya Kisima cha Nyumbani

Asubuhi ile Neusa alikuwa akimenya mihogo barazani, karibu na kamba iliyokatiza barabara ya Msimbati tangu kipindupindu kiingie. Mama yake, Ermelinda, akafika upande wa pili wa kamba kwa miguu, akitokea Mtwara alikozikwa juzi. Alikuwa bado na ile plastiki nyeupe aliyozikwa nayo, ananuka klorini.

"Hawakuniosha, mwanangu," alisema. "Wamenipulizia dawa kama mkorosho."

Neusa akatupa kisu. Kwao mama huoshwa na bintiye, kwa maji ya kisima cha nyumbani, na siku mama alipopakiwa garini kupelekwa hospitali Neusa alimwahidi hivyo. Akateka ndoo, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaifuata kamba. Bwana afya Goodluck akainuka kwenye kiti chake.

"Hapana, dada. Hatoki mtu, haingii mtu."

"Huyu si mtu, ni marehemu."

"Marehemu ndio wabaya zaidi."

Neusa akamwambia Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda atakako; shuleni waliimbishwa hayo mpaka wakayakariri. Tena malori ya mchanga yamepita alfajiri, na Goodluck mwenyewe ndiye aliyeyashushia kamba. Au kipindupindu hakipandi lori?

"Wenye malori wana kibali," Goodluck alisema, macho chini. Halafu akaongeza, "Mke wangu Doris alimwosha shangazi yake. Wakala ubwabwa wa matanga kwa mikono ile ile. Wiki haikuisha nikamzika. Katiba naijua, dada. Doris naye alikuwa nayo."

Neusa akaitua ndoo kando ya kamba, asiondoke.

Basi mama akangoja, siku baada ya siku. Mvua ilimnyeshea, maji yakateleza juu ya plastiki yasimfikie. Bodaboda walimpigia honi asogee. Hawa, muuza samaki wa jirani, kila akifika kambani alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa. Neusa alishinda kambani na ndoo yake, akilia mpaka sauti ikamkauka. Jamani, kumwona mzazi wako mchafu hivyo na maji unayo mkononi!

Hatimaye gari la kipaza sauti likapita kutangaza kuwa ugonjwa umekwisha. Goodluck akaikunja kamba, akawaaga wote wawili kwa heshima, akaenda zake. Neusa akatoka mbio na ndoo. Mama akarudi nyuma.

"Usinisogelee, mwanangu. Nitakuambukiza."

"Mama, wamefungua!"

"Mimi hawajanifungulia."

Neusa akipiga hatua, mama anarudi hatua. Wakaenda hivyo kuelekea Mtwara, Neusa akimsihi, maji yakimwagika njiani, hata ndoo ikabaki tupu. Lori la mchanga likapita katikati yao, dereva akawapungia mkono.

"Nikungoje hapa?" mama akauliza.

"Ningoje, mama," Neusa akasema, akarudi kisimani kuteka mengine.