Ngumi ya Kushoto

Kwa miaka thelathini na mmoja fundi cherehani alikuwa mhalifu katika familia yake mwenyewe, na kosa lake lilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi.

Kosa lenyewe ni ngumi. Ngumi ya kushoto ya roboti la kuchezea, lile ambalo ukilikunja linakuwa lori na ukilikunjua linakuwa jitu lenye mabega. Baba alimletea kaka yake alipotimiza miaka tisa. Fundi mwenyewe alikuwa na sita. Wiki haikuisha, ngumi ikatoweka. Nani mwingine angeipoteza? Hadithi hiyo ilisimuliwa kila ndugu walipokutana, hata siku ya harusi yake, pale kaka alipoomba kipaza sauti atoe neno la baraka, akamwonya bwana harusi achunge vitu vyake vidogo vidogo.

Sasa kaka ni mpima ardhi mwenye mvi, na vigeugeu vyake, ndivyo wanavyoyaita nyumbani maroboti hayo ya kukunjwa na kukunjuliwa, vimejaza makabati mawili ya vioo. Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho ya wakusanyaji kwenye ukumbi wa maktaba. Basi alikuja dukani kwa mdogo wake na kipande cha mahameli nyeusi, ashonewe kitambaa cha kulisimamishia lile roboti.

"Pindo liwe jembamba, mdogo wangu. Watu wanakuja kuona roboti, si ushonaji."

"Watu wanakuja kuona mzee mzima anacheza."

"Hatuchezi, tunahifadhi." Akalitoa roboti kwenye pamba kama anayetoa yai. "Shika uone uzito. Haya ya mwanzo, yaliyotoka Japani, yalikuwa na chuma kifuani. Baadaye viwanda vikabana matumizi, ikawa plastiki tupu. Na hiki kibandiko, ukikisugua kwa kidole kikapata joto, alama inajitokeza. Ndicho cheti chake cha kuzaliwa."

"Changu mimi hujui hata kilipo."

Mama yao, aliyeketi dirishani akifumua suruali ya mteja, akacheka bila kuinua kichwa. Duka lilikuwa lake kabla macho yake hayajachoka. Siku hizi alifumua tu, maana kwenye kufumua vidole vinajua njia vyenyewe.

Kaka akaweka mezani kadi aliyoichapisha kwa herufi kubwa. Fundi akaisoma: mwaka, kiwanda, hali ya rangi. Mstari wa mwisho ulisema: *Ngumi ya kushoto haipo. Ilipotezwa na mdogo wa mmiliki.*

"Umeniandika."

"Mkusanyaji mkweli hafichi kasoro."

"Kaka, nusu ya watu watakaokuja nimewashonea mimi. Nani ataniachia kitambaa cha harusi ya mwanawe akishasoma haya?"

"Sijaandika jina."

"Kwani una wadogo wangapi?"

Kaka akakohoa kidogo, akahamia kwenye jambo jingine, kama kawaida yake anapobanwa. Akatoa picha ya zamani. "Na hii nitaiweka pembeni, watu wajue lilikuwa langu tangu mwanzo." Pichani alikuwa mtoto mwenye pengo, amelikumbatia roboti lake lenye ngumi moja, uso umekunjamana kwa huzuni.

Lakini fundi wa nguo haanzi na uso. Anaanza na mabega, anashuka kifuani, anahesabu vifungo. Sweta lilikuwa na vifungo vitano. Vinne vya duara. Cha tatu...

"Niazime hiyo lenzi yako."

Akatazama mpaka kaka akaanza kuguna.

"Kaka, ulipokuwa unaitafuta hiyo ngumi, ulitafuta wapi?"

"Kila mahali. Chini ya vitanda. Mtaroni. Mifukoni mwako."

"Ukiwa umevaa nini?"

Akamrudishia lenzi na picha. Kaka akainama juu ya picha. Kifungo cha tatu kilikuwa ile ngumi: ilikuwa na tundu katikati, la kushikia silaha, na ndani ya tundu hilo, wazi kabisa, ulipita uzi.

"Mnaona nini huko?" mama akauliza. Wakamweleza.

"Ah, kile? Nilikiokota chini ya cherehani. Kina tundu. Kitu chenye tundu, kimeanguka kwa fundi, kama si kifungo ni nini?"

"Mama, niliitafuta wiki tatu."

"Na sweta lilikaa wazi siku mbili, na wewe unakohoa."

Sweta lilishakuwa tambara la kufutia mashine zamani. Ila hakuna fundi anayetupa nguo kabla hajakata vifungo. Fundi akalishusha kopo la vifungo kutoka rafu ambayo kaka aliiegemea kila alipokuja kupiga soga, akalimwaga mezani. Wao wawili walitafuta kwa macho. Mama alisogea, akapapasa, na ndiye aliyeipata. Ilikuwa bado na uzi wa bluu.

Ngumi ikaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Kaka akalitazama roboti. Halafu akachukua kalamu.

"Haya, nisahihishe. Ilipotezwa na mama wa mmiliki."

Mama alikuwa amesharudi dirishani; vidole vyake vilisimama kwenye suruali. Miaka thelathini na mmoja fundi alikuwa amelingojea jina la mtu mwingine, yeyote yule, likae mahali pa lake. Akavitazama vile vidole.

"Lete kalamu hapa," akasema. Akafuta mstari, akaandika: *Ngumi ya kushoto ni ya asili. Haikupotea, ilikuwa kazini.*

"Wakusanyaji hawataelewa."

"Watakuuliza, utawasimulia. Kipaza sauti ulishakizoea tangu harusi yangu."

Kaka akainamisha kichwa. "Nitaanza na msamaha," akasema kwa sauti ndogo, akatoa kibano chake ili auondoe ule uzi wa bluu.

"Uzi uache," mama akasema kutoka dirishani. "Niliukaza mara mbili, na wewe ni mtu wa kupoteza vitu."