Mkono wa Brody

Jumamosi asubuhi, wavulana wa hoki wakiburuta mifuko yao kutoka uwanjani na mashine ikisawazisha barafu, Darka Melnychuk alikuwa kwenye benchi akifunga kamba za viatu vyake vya kutelezea barafuni. Mkono wa Brody Fehr ulikuwa mgongoni pake kama kawaida. Brody mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akila donati.

Walikuwa wamecheza dansi ya barafuni pamoja tangu utotoni, hapo Vesna, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko Saskatchewan. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Brody alimwambia Darka kuwa amechoka kugawana medali na mtu, sasa atacheza peke yake. Akaondoka, mkono ukabaki. Haukuonekana, lakini gauni lilikunjamana pale vidole vilipolala, kwenye bega la kushoto kwa nyuma, na mama yake alipolipiga pasi lilikunjamana tena. Daktari aliupapasa, akasema ni mkono wa kulia wa mwanamume mwenye afya njema. Akaandika dawa ya kupaka.

Mwaka huo chama cha mchezo huo mkoani kilitangaza kwamba wanaume wanaocheza peke yao ni wachache mno, kwa hiyo watashindana na wanawake, kundi moja, alama zilezile. Klabu ya Vesna ikawaka moto kwa mabishano. Wazazi walikutana kwenye kantini, kahawa ikapoa vikombeni.

"Mnaogopa nini?" aliuliza Shirley, mama yake Brody. "Hapa hakuna kuruka wala kubebana. Ni hatua na muziki. Mguu hauna uanaume."

"Mguu hauna, ila macho ya waamuzi yanao," alijibu Gail, ambaye binti yake naye alicheza. "Mvulana akitokea tu barafuni, wanaona malaika."

"Ni mmoja tu, Gail! Mwacheni apate nafasi."

"Lini aliikosa? Huyo wako anafundishwa bure asije akatukimbia. Wangu anaamka alfajiri kusubiri zamu. Leo unataka tumpigie na makofi?"

"Wivu utakuua."

"Utaanza kukuua wewe, wako akianguka na wangu akasimama."

Mtu akamuuliza Darka anasemaje.

"Mimi nataka tushindane sote," alisema. "Nataka nimshinde huyu, mbele ya watu."

Brody alicheka. "Utanishinda na nini? Mimi ndiye niliyekuwa nakubeba miaka yote."

"Kwa mkono upi?"

Kantini nzima ikaangua kicheko.

Kwenye mashindano ya mkoa, Darka alitangulia. Alicheza rumba. Alikata kona kwa makali ya viatu bila kelele, na mahali wengine walipopapatika yeye alipita kama anayetembea sebuleni kwao. Alipotoka, mwamuzi mkuu, Bwana Lorne Ashdown, alimwita mezani.

"Tumekukata alama, binti. Hii ni dansi ya mtu mmoja. Wewe umeingia na msaada."

"Msaada gani? Huu mkono unanilemea."

"Mkono ni mkono."

Darka alirudi kwenye benchi, kando ya baba yake, Orest. Jina la Brody likaitwa, muziki ukaanza. Kona ya kwanza tu, mkono ukamkandamiza Darka kwa uzito wote wa mwanamume. Benchi ikalia. Kila Brody alipoinama upande, Darka alisukumwa upande huohuo, jasho likamtiririka. Kule barafuni Brody alikuwa mwepesi kama karatasi.

"Anakuegemea," alisema Orest.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza. Nilidhani ndiyo dansi yenyewe."

Kisha Darka alishuka kwenye benchi, akalala chali sakafuni. Mkono ukakosa pa kushika. Brody, katikati ya hatua ambayo watoto hufundishwa mwanzo, alianguka kama gunia la ngano.

Waamuzi walishauriana. Hakuna aliyebisha kuhusu kilichotokea. Ukumbi mzima ulikuwa umeona. Bwana Ashdown alisimama akatangaza kwamba mshindani ameingiliwa kutoka nje ya uwanja, hivyo atarudia, na kwamba Darka amekosa uanamichezo, hivyo atakatwa alama nyingine.

"Subiri kwanza," alisema Orest. "Kama huyo hawezi kusimama bila binti yangu, hapo anacheza peke yake vipi?"

"Binti yako hakuwa barafuni, bwana. Kanuni zinahesabu walio barafuni."

Shirley alikuja mbio akamshika Darka mkono mmoja. Gail akamshika wa pili. Wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu kile kikao.

"Simama, mwanangu," Gail alimnong'oneza. "Ukileta vurugu watavunja mashindano yote, na wangu bado hajacheza."

Wakamwinua. Darka angeweza kulegea, nao wasingemweza. Aliwatazama wasichana waliokuwa wakingoja zamu, midomo imewakauka, binti wa Gail akiwa wa mwisho. Akakaza magoti.

Brody alirudia bila kosa. Akapewa nafasi ya kwanza. Gazeti la Vesna lilisifu wepesi wake.

Darka na Brody walikutana kwenye korido.

"Nusura uniue," alisema Brody.

"Toa mkono wako mgongoni kwangu."

Brody alimnyooshea mikono yote miwili, akaigeuza kiganja na nyuma. "Yangu hii hapa. Huo wako sijui umeutoa wapi."

Msimu uliofuata, wanaume na wanawake waliendelea kushindana pamoja, na kwenye mikutano chama kilisema haki imetendeka. Kando ya uwanja pakafungwa kiti kwa skrubu, chenye mgongo wa chuma na mkanda wa kiunoni, na Darka hutakiwa awe ameshakaa hapo kabla Brody hajaitwa. Shirley ndiye humfunga mkanda, na humuuliza kama haumbani.

Darka naye bado anashindana. Siku hizi waamuzi humkata alama za msaada kabla muziki haujaanza, ili kuokoa muda.