Mwanafunzi wa Baba Kifua

Hospitali nzima ilimwita Baba Kifua, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa mkuu wa idara ya watoto, mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri na sauti ya chini. Kabla ya kugusa kipimo cha kusikilizia kilichoning'inia shingoni, aliinama akaweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza, kisha akasema, "Nimonia. Kushoto, chini." Picha ya eksirei ilipokuja, ilisema hivyohivyo. Madaktari wanafunzi walipigana vikumbo kuingia kwenye raundi yake.

Kati yao alikuwemo mmoja aliyempenda kuliko wote, msichana mwembamba, mkaidi, asiyekubali jibu mpaka aambiwe kwa nini. Baba Kifua alimwita "mwanangu" mbele za watu. Alipomaliza ubingwa wa watoto, mzee alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Mimi nasikiliza kwa nje," alimwambia. "Wenzetu siku hizi wanaingia na kamera mpaka ndani ya pafu. Hapa hatuna hata bingwa mmoja wa kazi hiyo. Nenda kasome ubingwa bobezi wa mapafu ya watoto. Ukirudi, kitengo ni chako."

Masomo yalikuwa ya miaka miwili, ng'ambo. Binti wa daktari huyo kijana ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea huku akishikilia viti, na baba wa mtoto alishakwenda zake kitambo. Mdogo wake, msusi mwenye saluni ndogo nyuma ya nyumba, ndiye aliyemtoa wasiwasi.

"Dada, nenda. Mtoto atalala kwangu. Kwani mimi si mama yake?"

Akaenda.

Mwalimu wake huko alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, asiyesifu mtu. Alimwanzisha kwenye mwanasesere wa plastiki mwenye koo na mapafu ya mpira, akamfanyisha kazi hiyo mpaka kidole gumba kikavimba. Baadaye akamruhusu kushika kamera kwa mtoto halisi aliyelazwa usingizi. Njia ya hewa ya kichanga haizidi mrija wa soda, na ukiiziba kwa kamera, mtoto hana pengine pa kupumulia. "Usisukume," mwalimu alimwambia sikioni. "Fuata uwazi. Usipouona, toka." Alitoka mara nyingi. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi. Alijifunza kupima pumzi za watoto wa pumu, kuwatunza wanaoishi na mashine nyumbani, na kutumia bomba la chuma kutoa vitu walivyovuta kwa bahati mbaya: karanga, shanga, jino. Mwisho wa mwaka wa pili mwalimu akamwachia chumba, akasimama mlangoni amekunja mikono bila kusema neno. Kwa mama yule, hizo zilikuwa sifa.

Nyumbani alipiga simu kila alipopata nafasi. Mwanzoni mtoto aliilamba simu. Baadaye akawa anapunga mkono haraka na kukimbilia kucheza.

Siku aliporudi, walikuja kumpokea. Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya msusi.

"Msalimie mama," msusi alimhimiza.

"Mama yuko kwenye simu," mtoto akajibu.

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Naye akacheka, maana angefanya nini. Usiku huo mtoto alilala kwa mama yake mdogo kama kawaida.

Hayo aliyameza, akijiambia kwamba angalau kazi inamngoja. Kamera ilikuwa imefika kabla yake, zawadi ya wafadhili, pamoja na bomba la chuma na koleo zake. Vilikuwa kwenye kabati la ofisi ya Baba Kifua, na ufunguo ulikuwa kwenye shada lake la funguo.

"Subiri kidogo, mwanangu," mzee alisema. "Chumba hakijakaa sawa."

Akasubiri. Akapangiwa wagonjwa wa nje, mafua na kuharisha. Lakini madaktari vijana walishasikia ana kitu kipya, wakaanza kumfuata kwenye korido na picha za vifua mkononi. Asubuhi moja kwenye raundi, Baba Kifua alikuwa ametoka kusema lake, msajili mmoja, daktari anayesomea ubingwa, akamgeukia yeye na kuuliza, "Na wewe Dokta, unaonaje?" Mzee alikunja kipimo chake, akakitia mfukoni taratibu, akahamia kitanda cha pili. Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu. Alimwita Daktari, kwa lile tamko refu ambalo watu humwitia mgeni.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala msichana wa darasa la pili. Alikuwa akirudi wodini mara kwa mara kwa nimonia, kila mara upande uleule, kulia chini. Baba Kifua aliamua ni kifua kikuu, na mtoto alikuwa karibu kumaliza dozi nzima bila nafuu yoyote. Kikohozi kilikuwa na harufu. Mbavu zilihesabika.

Siku mzee aliposafiri kwenda mkutanoni, yule bingwa wa mapafu alivuta kigoda akakaa na mama wa mtoto, muuza vyombo vya plastiki sokoni.

"Kabla ya haya yote kuanza, aliwahi kupaliwa na kitu?"

"Alipaliwa," mama akajibu bila hata kufikiri. "Shuleni, anaandika. Mwalimu akampiga mgongoni, akakohoa weee, yakaisha. Mbona nilimwambia yule mzee siku ya kwanza kabisa! Akaniambia mama, tulia, watoto wote wanapaliwa."

Swali hilo bingwa alifundishwa na Baba Kifua mwenyewe, akiwa mwanafunzi, kwenye wodi hiyohiyo. Usiondoke kitandani hujauliza kama alipaliwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa bingwa wa dawa za usingizi, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akikaimu uongozi wa upasuaji wiki ile.

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Wa pili uko kwa karani wake." Yule mwanamke alimtazama vizuri. "Unajua atakachokufanya akirudi?"

"Najua. Mtoto je, unamwona anavyopumua?"

"Namwona." Akavaa kofia yake ya upasuaji. "Basi twende tukafukuzwe wote."

Waliingia chumba cha upasuaji asubuhi. Mtoto akalala. Kamera ilishuka kooni, ikapita nyuzi za sauti, ikaingia kulia, na pale penye uwazi pakawa na nyama nyekundu iliyovimba, na katikati yake kitu cha buluu. Akatoa kamera, akachukua bomba la chuma. Nyama ilitoka damu, oksijeni ikaanza kushuka, bingwa wa usingizi akaacha mizaha yake. "Toka kidogo," alisema, naye akatoka. Wakampa mtoto hewa mpaka rangi yake ikarudi. Mara ya pili koleo ilishika. Akavuta polepole, na mezani kikadondoka kifuniko cha kalamu, kimeng'atwa ncha. Nyuma yake ukamiminika usaha uliowafanya wote wageuze nyuso.

Kitu kilitoka, lakini sehemu ile ya pafu ilikuwa imekwisha kuharibika. Baadaye ilibidi ikatwe. Msichana aliishi, alirudi shule, ila kukimbia na wenzake hawezi.

Baba Kifua aliporudi, alimwita bingwa mbele ya kikao cha idara.

"Umevunja kabati langu."

"Sikuvunja, Mzee. Nilipewa ufunguo."

"Vifaa havijakabidhiwa. Mtoto angekufa mezani ungesema nini?"

"Na angekufa kitandani?" bingwa akauliza. "Mama yake alikwambia alipaliwa. Alikwambia siku ya kwanza. Ulimpa dawa za ugonjwa asiokuwa nao mpaka pafu likaoza."

Hakuna aliyeinua uso. Yule msajili aliyemuuliza "unaonaje" alikuwa akichunguza kucha zake.

"Nilikutoa mavumbini," mzee alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Nilikupeleka mimi."

"Ulinipeleka nikajifunze nini, Mzee?"

Mchana huo mzee alikwenda kitandani kwa msichana, akaweka sikio mgongoni, akamwambia mama, "Tumekitoa. Tulikishuku muda mrefu." Mama akapiga goti kumshukuru. Bingwa alisimama mlangoni akiona yote. Angeweza kusema. Alimtazama yule mama, jinsi uso ulivyofunguka, akageuka akaondoka.

Haukupita mwezi, akahamishiwa kliniki ya chanjo, kupima uzito na kusaini kadi. Bingwa wa usingizi akaondolewa kukaimu. Kamera ikarudishwa kabatini, ikiwa imeoshwa na mtu aliyeitumbukiza nzima kwenye maji ya dawa, na taa yake haikuwaka tena. Bingwa wa mapafu aliandika malalamiko, akaomba kikao, akangoja kwenye viti vya korido za wakubwa. Kila aliyemsikiliza alimpa pole, na kila mmoja alimwambia mzee yuko karibu kustaafu, avumilie.

Akaacha kazi. Hospitali moja binafsi upande wa pili wa mji ilimpa chumba chenye kiyoyozi na kamera mpya. Anatibu pumu za watoto wanaoletwa na madereva. Ni kazi, na anaifanya vizuri. Watoto wa wodi ile ya zamani hawafiki pale, walinzi wa getini wanatosha kuwarudisha. Binti yake sasa anamwita mama, lakini akiumwa hulilia msusi.

Baba Kifua alipostaafu, bingwa alialikwa kwenye sherehe. Alikwenda, hajui hata kwa nini. Ukumbi ulipambwa maua, hotuba zikasomwa, na msemaji mkuu akamsifu mzee kwa kuanzisha huduma ya ubingwa wa mapafu ya watoto hospitalini pale. Watu wakapiga makofi. Baadaye mzee alimwona katikati ya wageni, akamfuata mikono imekunjuliwa, akamkumbatia.

"Mwanangu," alisema. Alikuwa amekonda, na kifua chake kilikoroma kidogo. "Ungesubiri tu. Vyote vingekuwa vyako."

Kwa mazoea masikio ya bingwa yalisikiliza ule mkoromo, chini, pande zote mbili. Moyo ndio uliochoka, siyo pafu.

"Umemwona daktari, Mzee?"

"Mimi?" Baba Kifua alicheka. "Nimwone nani?"

Bingwa alijitoa mikononi mwake, akamtakia mapumziko mema, akatafuta mkoba wake. Alikuwa na wagonjwa mchana.