Nanga ya Mkono Mmoja

Wakubwa walipofunga kiwanda chetu cha meli pale kisiwani Mukaishima, kila mfanyakazi alipewa bahasha na taulo lenye nembo ya kampuni. Taulo langu nalifutia baiskeli mpaka leo. Vitabu vyetu havikupata hata taulo. Walimwita mnunuzi wa karatasi chakavu, akaja na lori, akavizoa pamoja na magazeti na maboksi.

Nasema vitabu vyetu kwa sababu vilikuwa vyetu. Havikuwa vya kampuni. Sisi wa kuchomelea, wa rangi na wa mabomba tulichanga kila mwezi, na yeyote aliyekwenda Kobe au Osaka alipitia maduka ya vitabu vikuukuu akatafuta chochote cha meli. Maisha ya manahodha, ramani za minara ya taa, habari za tufani, boti za kuvulia nyangumi, hata kimoja cha Kiingereza cha kamba na matanga ambacho hakuna aliyeweza kukisoma, lakini picha zake tulizijua zote. Vingine vilikuwa na umri mkubwa kuliko babu zetu.

Mke wangu Fusae, wakati huo akipika chai ya ofisini, ndiye aliyevitunza katika chumba nyuma ya kantini. Alikuwa na sheria moja. Huingii kabla hujanawa mikono kwenye bomba la nje, kwa sabuni. Nimeona majitu yaliyozoea kuinua mabamba ya chuma yakirudishwa bombani kama watoto wa chekechea.

"Kati ya vidole pia, Takubo." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia. Nikanawa tena, na nikiwa nanawa nikaamua nitamwoa.

Mhuri aliuchonga mwenyewe kwa kipande cha mti wa mcheri alichopewa na maseremala, nanga ndani ya duara. Siku moja ukamponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya chuma, nanga ikakatika mkono mmoja. Tukamwambia achonge mwingine. Akasema nusu ya wanaume wa kiwanda hiki wamekatika vidole na bado wanakuja kazini, basi na mhuri uje kazini. Tangu hapo kila kitabu kilichoingia kiligongwa nanga ya mkono mmoja, kwa wino mwekundu.

Mkuu wa utawala alikuwa Kuroiwa. Alimwahidi Fusae mbele yangu kwamba vitabu vitapelekwa maktaba ya mji. Wiki ileile lori likaja. Fusae akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate ya samaki, amesimama kwenye maji baridi kutwa, majira kwa majira, mpaka kifua kikamshinda. Kwenye cheti daktari aliandika mapafu. Mimi ningeandika jina la mtu.

Baada ya mazishi sikuwa na la kufanya. Nikaanza kuvitafuta. Mnunuzi wa karatasi si mjinga, vile vizuri alikuwa amewauzia wenye maduka, na kutoka hapo vilitawanyika. Nilikipata kimoja Matsuyama, vingine Kobe, kimoja kwenye sanduku lililoloa mvua nje ya duka Kurashiki. Nilifungua kila kitabu cha meli nilichokutana nacho, nikatazama ukurasa wa kwanza. Kukiwa na nanga nanunua, hata wali nile mkavu. Miaka ikaenda, rafu za chumba cha Fusae nyumbani zikajaa, mpaka ikabaki nafasi moja.

Nafasi hiyo ilikuwa ya Babu. Ndivyo tulivyomwita kiwandani, maana alikuwa mzee kuliko vyote. Kitabu cha mafundi wa zamani wa merikebu za mizigo, kimechapwa kwa vibao vya mbao na kushonwa kwa uzi, na katikati kuna merikebu moja iliyokunjwa, ukiikunjua inajaza mkeka mzima, kila ubao na jina lake. Tulimnunua mwaka ule kampuni ilipotoa bonasi ya maana. Haikutoa tena.

Sasa asubuhi moja ya Juni simu ikalia. Alikuwa Bi Imoto, mwenye duka la vitabu vikuukuu upande wa pili wa maji, Onomichi.

"Takubo, unafanya nini?"

"Nakaanga mayai."

"Zima jiko. Nimemwona Babu."

Nikazima.

"Niko Okayama," akasema. "Tunapanga meza za maonyesho ya vitabu, ghorofa ya saba, kwenye duka kubwa mbele ya stesheni. Kuna muuzaji katoka Takamatsu, meza ya mwisho karibu na dirisha. Babu yuko kwenye rundo lake. Jalada limenyofolewa, uzi umekatika, lakini ni yeye. Nimeona mhuri."

"Mkono mmoja?"

"Mkono mmoja."

"Mfiche chini ya meza yako, Bi Imoto. Nakuja."

"Nifukuzwe chama cha wauza vitabu uzeeni? Kanuni unaijua. Kilichowekwa mezani hakiguswi mpaka kesho mlango ufunguliwe, na wa kwanza kukishika ndiye mwenye kukinunua. Halafu kuna jambo. Kuroiwa anajua. Kampigia simu yule wa Takamatsu, anakuja mwenyewe."

Huyo Kuroiwa, kama hamjui, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu za bahari ya mji wetu. Mtu aliyetupa vitabu vya meli kwenye lori ndiye aliyepewa kutunza kumbukumbu za meli. Nchi hii inaendeshwa hivyo. Ana makabati ya kioo kwenye ukumbi wa mji, yamefungwa kwa ufunguo, na ufunguo anao yeye. Babu akiingia mle hatoki tena, na hakuna mtu atakayemkunjua.

Kesho yake nikapanda kivuko cha kwanza, kisha treni. Nilipofika foleni ilikuwa imeshapinda kona. Wazee watupu, na mifuko mitupu. Nikamkuta Hidaka, anayekusanya ratiba kuukuu za treni. Tunaonana kwenye foleni tu, na tunatosheka.

"Bado hujafa, Takubo?"

"Nilitaka, wakaniambia na huko kuna foleni."

"Leo nini, meli tena?"

"Meli."

"Achana nazo. Meli inazama. Treni haizami."

"Treni inachelewa."

"Hapa kwetu? Lini?"

Nikatazama mbele. Kuroiwa alikuwa wa kwanza kabisa mlangoni, suti ya kijivu, glavu nyeupe zimechomoza mfukoni. Akaniona, akaja mpaka nilipo, na hakuna aliyethubutu kuchukua nafasi yake.

"Takubo. Goti linaendeleaje?"

Goti niliumia ndani ya tumbo la meli, zamu ambayo yeye alikuwa amepunguza watu.

"Linatembea, bosi."

"Ghorofa ya saba ni juu sana kwa goti hilo. Subiri lifti, usijitese."

"Asante, bosi."

Akarudi mbele. Hidaka akaninong'oneza, "Huyo anacheza gofu kila Jumapili. Humuwezi."

"Nishikie mfuko."

"Unakwenda wapi?"

"Kunawa."

Nikaenda kwenye choo cha stesheni nikanawa kwa sabuni. Nikarudi nimeinua mikono juu kama daktari anayekwenda kupasua, nikamwambia Hidaka mfuko aendelee kuubeba yeye. Akasema kweli sasa nimezeeka.

Saa nne kamili muziki ukapigwa, milango ikafunguka.

Mnajua maduka haya yalivyo asubuhi. Dakika za kwanza wafanyakazi wote wamesimama penye meza zao, na wateja wa kwanza wakipita wanawainamia, safu kwa safu, karibuni sana, karibuni sana. Kuroiwa aliingia kwa kasi. Miguu yake mirefu, viatu vyake vyepesi, kufika kwenye manukato alikuwa ameshaniacha mbali, nikasema basi, hata hiki wamekichukua.

Halafu nikaona kichwa chake kinaitikia.

Wasichana wa manukato wameinama, naye kichwa chini kidogo. Wa mikoba wameinama, kichwa chini kidogo. Si kwamba alitaka. Miaka yote ile alipita kwenye geti la kiwanda tukimwinamia kushoto na kulia, shingo yake ikajifunza kupokea, na sasa haikuweza kuacha. Kila akiitikia anapoteza nusu hatua.

Mimi waliniinamia vilevile. Lakini sijawahi kuinamiwa na mtu maishani, sikujua hata kunapokelewaje. Nilipita tu.

Tukafika kwenye ngazi za umeme. Hizo huwezi kuzikimbilia vizuri na goti bovu bila kushika ukanda wa pembeni, na mimi ukanda sikuushika. Nilipanda mikono juu. Nyuma yangu nilimsikia Hidaka akicheka na kuhema. Ghorofa ya pili, mtu ameinama penye ngazi, Kuroiwa akaitikia. Ya tatu vivyo hivyo. Sasa nilikuwa naona soli za viatu vyake.

Ghorofa ya nne ndiyo ya suti za wanaume. Alisimama pale mkuu wa ghorofa, mtu wa makamo mwenye tai, akamtambua.

"Mwenyekiti Kuroiwa. Ni siku nyingi mno. Ile suti ya harusi ya mwanao ilimkaa vizuri?"

Mguu mmoja wa Kuroiwa ulikuwa tayari juu ya ngazi inayofuata. Akanitazama mimi. Akamtazama yule mtu, ambaye mgongo wake ulikuwa umelala kama meza. Akarudisha mguu chini, akageuka, akainama.

Yule naye, kuona kainamiwa na mwenyekiti, akainama chini zaidi. Kuroiwa akalazimika kuinama tena.

"Samahani, bosi," nikasema, nikampita.

Goti lilikuwa linalia kama bawaba kavu na mimi nalitukana kwa kila ngazi. Ghorofa ya saba sikutazama pembeni. Meza ya mwisho, karibu na dirisha. Rundo lilikuwepo, vitabu vya uzi vimelazwa kimoja juu ya kingine, na wa chini kabisa hakuwa na jalada. Nikamchomoa kwa mikono miwili. Nikafungua.

Nanga ndani ya duara, mkono mmoja.

Nikamkumbatia Babu kifuani nikasimama hivyo. Muuzaji wa Takamatsu, kibonge mmoja aliyekuwa akitafuna mwani mkavu, alinitazama kama mtu anayeamua kama aite daktari.

Ndipo Kuroiwa akafika, tai imekwenda upande.

"Takubo. Hicho ni kitu cha historia."

"Kilikuwa cha historia hata siku ya lori."

"Nilifuata maagizo ya juu."

"Na Fusae ulimwahidi kwa maagizo ya nani?"

Akavaa glavu zake nyeupe, akazivua. Akamgeukia muuzaji. "Nilikupigia simu."

"Ulipiga, mheshimiwa," akasema yule, anaendelea kutafuna. "Nikakwambia uwahi."

"Takubo, fikiria," Kuroiwa akasema, sasa kwa sauti ya mikutano. "Kwenye kabati la kioo mji mzima utakiona."

"Wataona jalada tu, bosi. Na jalada halipo."

Watu waliokuwa wamesimama karibu wakacheka, na Bi Imoto kwenye meza yake akajifanya anakohoa. Nikalipa bei iliyoandikwa, sikuomba kupunguziwa hata kidogo. Hidaka akafika na mfuko wangu, jasho linamtiririka.

"Basi nimekubali," akasema. "Leo treni imechelewa."

Nyumbani nilimshona Babu kwa uzi wa hariri, nikamkatia jalada kutoka kwenye aproni ya buluu ya Fusae, ile ya kantini. Jumapili nikawaita wenzangu waliobaki. Walinawa bombani bila kuambiwa, wazee wa kuchomelea na wa mabomba, wakaingia chumba cha Fusae mikono imeinuliwa inachuruzika maji. Mikono ilipokauka tukaikunjua merikebu juu ya mkeka. Wakapiga magoti kuizunguka, na fundi mmoja wa mabomba ambaye hajaongea vizuri tangu alipopooza akaweka kidole juu ya usukani akautaja jina lake. Rafu ilikuwa haina pengo tena. Chumba ambacho wakubwa walikitupa kwenye lori kilikuwa kimerudi chote, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyetusaidia.

Tukiwa hapo mtu akabisha hodi getini. Nikatoka. Alikuwa Kuroiwa, hana suti, ameshika boksi la maandazi matamu kwa mikono miwili.

"Ile merikebu," akasema. "Miaka yote ile sikuwahi kuikunjua."

Ningeweza kufunga geti. Nilikuwa nimeliota geti hilo nikilifunga usoni pake mara nyingi, na lina mlio mzuri. Lakini chumba si changu, na mwenye chumba alikuwa na sheria moja tu.

"Bomba liko pale," nikamwambia.

Akaweka boksi chini, akakunja mikono ya shati. Akanawa. Akanyanyua mikono akanionyesha, mkuu wa utawala mzima, amesimama kwenye matope ya bomba langu na wazee wote wanamchungulia dirishani.

"Bado," nikasema. "Kati ya vidole."