Manyoya ya Popi

Kwetu Marani mbwa hachanwi. Mbwa hupewa ukoko wa ugali, na akibweka vizuri usiku ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo Persis alipoanza kumchana mbwa wake Popi kwa burashi kila asubuhi, tulisema mjane ana haki ya wazimu mmoja, tukamwacha nao.

Shida ilikuwa imeanzia kwenye usafi. Persis ni Msabato wa kweli, na Ijumaa kwake ni siku ya kufua kila kitu kabla jua halijazama: mashuka, viatu, makochi, na hata kuku angewafua kama wangekubali kusimama. Popi naye alisuguliwa kwa sabuni ya unga, ile ile ya mashuka, ili Sabato isimkute mchafu. Baada ya miezi kadhaa ngozi ikawa na magamba, manyoya yakang'oka mashada kwa mashada, na mbwa akawa anajikuna kwenye mparachichi mpaka anatoka damu. Persis akazidisha sabuni.

Daktari wa mifugo kule Keroka alipomwona Popi alicheka kwanza.

"Mama, wewe unafua huyu mbwa. Wacha hiyo sabuni. Ngozi yake iko na mafuta yake, na wewe unayatoa kila wiki. Mchane tu na burashi, umwekee samaki ya omena kwa ugali, na yai moja ya kuchemsha."

Persis alitii neno kwa neno, kama anavyotii mahubiri. Kila asubuhi yai lilichemshwa. Mayai mengine yalikwenda sokoni, kama yalivyokwenda siku zote. Na lazima niseme, ingawa sikuwahi kumpenda yule mbwa: alipendeza. Weusi wake ulirudi, ukang'aa kama sufuria mpya. Jioni Persis aliketi barazani akimpapasa mgongo, akituambia kuwa tangu mumewe afariki huyu ndiye aliyebaki wa kumlinda. Alimpenda kwa dhati, hilo halina ubishi.

Mng'ao huo ndio uliomponza Popi. Jirani wa Persis, Ondieki, alikuwa akipoteza mayai. Kuku wake walikuwa wakitaga, tunawasikia wakipiga kelele, lakini akienda kwenye viota anakuta nyasi tupu. Na kwetu mbwa aliyeonja mayai hasamehewi, kwa sababu haachi, na huwafundisha wengine. Hufungwa kamba akapelekwa bondeni, na harudi. Ondieki aliwatazama mbwa wa kijiji kizima, wote wakavu wenye vumbi, kisha akamtazama Popi. Ningekuwa yeye ningewaza vivyo hivyo.

Alikuja na kamba mkononi, akifuatana na Onsongo, mzee wa kijiji. Sisi wengine tuliwafuata, kwa kuwa kazi ya kuchuma chai ilikuwa imekwisha na hatukuwa na la kufanya.

"Mama Bravin," Ondieki alisema, "mimi sitaki maneno mingi. Angalia hiyo mbwa yako. Mbwa ya ugali inaweza kung'aa namna hiyo? Hiyo ni mayai yangu imekula."

"Ni mayai yangu," Persis akajibu. "Mimi mwenyewe ndiye namchemshia. Daktari ndiye alisema."

Tuliangua kicheko. Nani amewahi kusikia mbwa akichemshiwa yai? Ondieki hakucheka. Alimvika Popi kamba shingoni, na mbwa, mjinga wa Mungu, akamlamba mkono.

"Nani ameona ukimchemshia?" mzee Onsongo akauliza.

Persis aligeukia jikoni. "Roda!" akaita. "Roda, kuja uwaambie!"

Roda ni mke wa Bravin, mwana wa Persis anayefanya kazi Nairobi. Anaishi katika boma hilo hilo, nyumba ya pili, na watoto wake watatu. Alitoka jikoni akijipangusa mikono kwa leso, akaitazama ile kamba. Aliitazama mpaka nikadhani atasema hajui lolote, na Popi aende bondeni. Wala nisingemlaumu.

"Ni ukweli, mzee," alisema mwishowe, bila kumtazama mama mkwe wake. "Kila asubuhi mama anachemsha, na mimi ndiye natoa maganda. Watoto wangu wanakuanga hapo mlangoni wakiangalia. Hajawahi kuwapea hata nusu."

Hakuna aliyecheka tena. Aibu ilimshika Persis mbele ya watu anaosali nao kila Sabato, na mimi niliyekuja kwa udaku tu, nilitamani ningebaki nyumbani.

Ondieki aliinama, akaifungua kamba taratibu, akaikunja.

"Basi mbwa haina makosa," alisema, akaenda zake.